Fimbo Nne Tulizochagua Subukia

Mtu aliyenifundisha kucheza gofu alikuwa seremala. Alifanya kazi katika karakana ya Kalasinga mmoja hapo Nakuru, nyuma ya maduka ya Wahindi, akitengeneza milango, madirisha na vitanda. Mimi nilikuwa karani katika ghala la mahindi karibu na stesheni. Vyumba vyetu vilipakana, na wake zetu walipikia ua mmoja. Yeye alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro. Mimi nilitoka Kakamega. Nayataja makabila yetu kwa sababu miaka ile kabila la mtu ndilo lililoamua atalala wapi.

Ujanani mwenzangu alibebea Wazungu mifuko ya gofu. Siku uwanja ulipokuwa mtupu wabebaji waliachiwa wacheze wao kwa wao, na hapo ndipo alipoushika mchezo. Alipokuwa seremala hakuwa na ruhusa tena ya kukanyaga zile nyasi, lakini mwili wake haukusahau. Akienda kuchota maji bombani jioni utamkuta amesimama, miguu imepanuka kidogo, mabega yamelegea, anazungusha mikono mitupu polepole. Jirani mmoja alimwuliza mke wangu mtu yule ni wa dhehebu gani.

Kabla mambo hayajaharibika kabisa, alitumwa Subukia kutengeneza masanduku ya mbao kwa mama mmoja wa Kizungu aliyefiwa na mumewe, aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Siku ya kumalizia ilikuwa Jumapili, akaniomba niende kumsaidia kupigilia vifuniko. Katika stoo ya nyumba ile, nyuma ya viti vilivyofunikwa mashuka, kulikuwa na mfuko wa ngozi uliojaa fimbo za gofu. Mwenzangu aliweka nyundo chini. Yule mama, mrefu, mwenye kusema kidogo, alikuwa amesimama mlangoni akituangalia.

"Hiyo ya bwana," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi hapana peleka kwa meli. Wewe najua kazi yake?"

"Najua, memsahib. Zamani nilikuwa nabeba."

Aliutazama mfuko. "Basi chukua ile nataka," akasema, akageuka akaenda zake. Nadhani hakutaka kuona mikono ya mtu mwingine ikizishika.

Mimi nilirukia fimbo iliyong'aa kuliko zote. Mwenzangu aliichukua mkononi mwangu kwa upole akairudisha.

"Hii ilinunuliwa juzi juzi, hata bwana mwenyewe hakuipenda. Angalia, haina alama ya mpira. Chukua zile zilizochakaa katikati."

Alizitoa moja moja. Aliinua kila fimbo hadi jichoni, akaangalia kwa urefu wa mpini wake kama anavyoangalia ubao, aone kama umepinda. Aliugonga mpini kwa kucha akisikiliza sauti ya ufa. Kisha aliniambia nisimame, niachie mikono ining'inie, akaniwekea fimbo viganjani. Kichwa cha fimbo kikilala sakafuni sawasawa, ilikuwa ya kimo chetu, maana tulilingana urefu. Kikiinua ncha au kisigino, alisema ni ya mtu mwingine, hata kama ni nzuri kiasi gani.

"Tukichukua zote?" nikamwuliza.

"Za nini? Sisi ni watu wa Jumapili. Mtu wa Jumapili akiwa na nyingi, anapoteza muda kuwaza atumie ipi."

Tulichukua nne: moja yenye kichwa cha mti, ya kupigia mbali; mbili za chuma, yaani ya mwendo wa katikati na ile yenye uso uliolala, ya kuinua mpira kutoka majanini; na moja fupi ya kusukumia mpira shimoni. Mipini yote ilikuwa ya mti. Wazungu wengi wakati huo walikwisha kuhamia mipini ya chuma, lakini mwenzangu alisema mti anaujua, na kitu unachokijua ukivunjika unaweza kukitengeneza.

Uwanja wetu ulikuwa kipande cha malisho ng'ambo ya reli, alipochungia ng'ombe wake Mhindi mmoja muuza maziwa. Tulifukia mikebe ya samli ardhini iwe mashimo, na kuzunguka kila mkebe tukamwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya gari ili mpira ubingirike. Mipira tuliyochezea ilikuwa mikuukuu, imekatwakatwa, tukaipaka rangi nyeupe iliyobaki karakana. Sikuwa hodari na sikuwahi kuwa. Lakini kulikuwa na mpira mmoja, pengine kila Jumapili, uliotoka fimboni bila mimi kuhisi chochote mikononi, ukapaa kuelekea mlima Menengai na kutua mahali nilipokuwa nimepaangalia. Kwa ajili ya huo nilivumilia mingine yote.

Kilichonishangaza ni kazi iliyofuata mchezo. Nakuru kiangazi upepo hupuliza vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, na vumbi lile hula chuma. Kwa hiyo tulikaa uani, tukasugua vichwa vya chuma kwa jivu laini, tukavifuta, tukavipaka mafuta ya cherehani. Mipini tuliipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, kidogo kidogo, hadi mti ukatae kunywa zaidi. Ngozi ya mshiko ikichakaa tuliipeleka kwa fundi viatu akaifunga upya. Fimbo hatukuziegemeza ukutani hata siku moja, maana mti hujifunza kupinda. Tulizilaza chini ya kitanda chake, juu ya gunia. Nilianza kuipenda ile saa ya kusafisha kuliko kucheza. Tulizungumza mambo ambayo hatukuyazungumza mahali pengine, kama baba yake alivyofukuzwa shambani pamoja na ng'ombe wake, na woga wangu kwamba mke wangu hakupenda mji ule.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Wakikuyu wa mjini walianza kuchukuliwa mtaa kwa mtaa. Jumapili moja tulikuwa tunavuka reli na fimbo zetu begani tukasikia, "Simama! Mikono juu!" Lilikuwa gari la doria. Askari mmoja alizinyakua fimbo akazitupa chini, akamdai mwenzangu kitambulisho.

"Kipande iko wapi? Na hii vyuma ya kupiga nani?"

"Ni ya mchezo, afande. Gofu."

"Gofu?" Askari akacheka, lakini bunduki haikushuka.

Ofisa wao, kijana wa Kizungu aliyeungua jua puani, aliteremka akaokota ile fimbo yenye uso uliolala. Aliishika vizuri; ilionekana anajua. Akafuta udongo uliokuwa kwenye uso wa fimbo kwa kidole gumba. "Nani natunza hii?" akauliza. Mwenzangu akasema ni yeye. Yule kijana alimtazama kwa muda, akamrudishia. "Rudi nyumbani. Hapana toka tena na hii." Tukarudi. Mwenzangu alitembea mbele yangu, na nikaona shati lake limelowa mgongoni.

Haukupita muda mrefu wakaja mtaani kwetu, alfajiri, na malori. Walitutoa sote nje, wakatupanga mistari, wakatenganisha Wakikuyu na wengine. Sikuruhusiwa kusogea. Mke wake alikuwa amembeba mtoto wao mdogo, na mwingine, msichana, ameshika gauni lake. Mwenzangu aliwekwa lori moja na wanaume, mkewe na watoto jingine. Alipopita karibu nami alisema upesi upesi, bila kunitazama usoni, "Ziko chini ya kitanda. Usiziache kwenye unyevu." Niliitikia kwa kichwa, lori likaondoka.

Nilizichukua siku hiyo hiyo. Mke wangu alizikuta chumbani kwetu akaketi kitandani.

"Vyuma vya mtu aliyechukuliwa," akasema. "Wakija kupekua, utawaambia nini?"

"Ni vya mchezo."

"Mlishawaambia hivyo, wewe na yeye. Wewe una watoto, baba watoto. Zitupe."

Alikuwa na haki, na mpaka leo nasema alikuwa na haki. Lakini kuzitupa sikuweza. Asubuhi iliyofuata nilizifunga ndani ya mkeka nikazipeleka karakana. Yule Kalasinga alikuwa mzee mkali, mwenye ndevu nyeupe, na kabla ya hapo hatukuwahi kusema zaidi ya salamu. Alifungua mkeka, akatazama, akafunga tena.

"Fundi yangu wamepeleka wapi?"

"Sijui, bwana."

"Mimi nimeenda polisi. Nimesema huyu fundi mzuri, miaka mingi kwangu. Wananiambia nunua fundi mwingine." Alipanda ngazi mwenyewe, kwa umri ule, akazilaza fimbo juu ya boriti za dari, katikati ya mbao za mvule. "Hapa hakuna mtu ataona. Mbao ni mbao."

Tangu hapo kila Jumamosi mchana, ghala likifungwa, nilipita karakana. Nilizishusha, nikazifuta, nikazipaka mafuta, nikazirudisha. Mwanzoni mzee aliniachia kazi akaendelea na yake. Baadaye nikawa nakuta kikopo cha mafuta ya kitani kimeshawekwa mezani, na kitambaa safi kando yake. Ikafika siku akavuta kiti, akachukua fimbo moja mapajani. Tulizisafisha pamoja. Mara chache alinieleza habari za mwanawe aliyefariki. Sikucheza hata mara moja miaka ile. Nisingeweza kwenda malishoni peke yangu; na yule muuza maziwa alikuwa ameng'oa mikebe yetu, ng'ombe wasivunjike miguu.

Mwenzangu alirudi karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini. Alikwenda karakana kwanza, na mzee akamtuma mtu kuniita ghalani. Nilipoingia nilimwona amesimama kwenye benchi lake la zamani, amekonda, nywele zimeingia mvi, ameweka mkono wa kushoto mfukoni. Tukashikana mikono ya kulia, tukakaa hivyo bila kuachana.

"Umezeeka," akaniambia.

"Na wewe je?"

Mzee alizishusha fimbo akazipanga juu ya benchi, akatoka nje. Mwenzangu aliiangalia mipini kwa jicho moja, kama siku ile ya Subukia. Ilikuwa imenyooka yote. Ndipo alipotoa mkono mfukoni. Vidole viwili vya mwisho havikujikunja. Jiwe la machimbo lilimwangukia huko kambi ya kizuizini, akasema, likavunja mfupa, wakaufunga vibaya. Alijaribu kushika fimbo ya chuma. Ikamzunguka mkononi kama mwiko ndani ya sufuria. Akaiweka chini.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wiki ile ile aliomba ngozi laini kwa fundi viatu, akaikata vipande vyembamba, akaanza kuuzungushia mshiko wa ile fimbo ya mwendo wa katikati, safu juu ya safu, akijaribu, akifungua, akifunga tena. Aliunenepesha hadi mkono usiokunjika ukapata pa kuegemea. Halafu akang'oa kichwa, akakata mpini upande huo ukawa mfupi zaidi, akakichomeka upya, kwa sababu sasa hangeweza kuzungusha fimbo ndefu kama zamani. Mimi niliona uchungu msumeno ulipoingia kwenye mti ule nilioupaka mafuta muda wote huo. Aliliona hilo usoni mwangu.

"Mkono niliochagulia fimbo hizi haupo," akasema. "Sasa nachagulia huu."

Malisho ng'ambo ya reli yalikuwa yameanza kujengwa nyumba. Tulitafuta mahali pengine, tukapata konde lililolazwa bila kulimwa upande wa kwenda Njoro, nyasi fupi, na mwenyewe akatukubalia. Tulikwenda asubuhi ya Jumapili baada ya ibada. Hatukufukia mikebe. Mwenzangu aliweka mpira, akasimama, akazungusha nusu tu ya mzunguko wake wa zamani. Mpira ulitoka chini chini, ukaenda mwendo mfupi, ukapotelea kwenye majani marefu ya ukingoni.

Tulianza kuufuata. Tukiwa njiani, akitazama mbele, alisema, "Yule mdogo alifia kule rizavu walikopelekwa na mama yake. Homa ya mapafu, mvua za kwanza. Mimi niliambiwa baada ya muda mrefu."

Nilikuwa nimemwulizia mkewe na watoto siku ile ya kwanza, naye akajibu kwamba wanasalimu, nikaridhika. Sasa nilisimama. Nikasema tu, "Ndugu yangu."

"Alikuwa ameanza kutembea," akasema. "Mama yake ananiambia alitembea."

Hakulia. Alifika ukingoni, akapiga magoti, akaanza kupekua majani kwa mkono wake mzima. Nikapiga magoti upande wa pili. Jua lilikuwa limepanda na ardhi ilianza kutoa joto. Tulipekua pale kwa muda mrefu, tukiachana na kukutana tena, hadi aliponiambia ameuona. Ulikuwa umezama kwenye alama ya kwato ya ng'ombe. Aliutoa, akaufuta kwenye suruali, akauweka mahali pazuri zaidi, juu ya kishungi cha majani.

"Simama nyuma kidogo," akaniambia, akashika fimbo.