Damu Iliyoshika Sabato

Mama mkwe wangu, Nyakerario wa Ekerenyo, ni Msabato: hukata nyasi za ng'ombe Ijumaa mapema na kupiga viatu rangi, na jua likishazama hata kiberiti hakigusi. Nimeolewa hapo na nimezoea. Sikujua tu kwamba hata damu ingepumzishwa.

Ana ugonjwa wa sukari. Ijumaa moja alitolewa damu zahanati, na kwa kuwa mashine yao ilikuwa imeharibika, walimkabidhi kichupa akifikishe upesi maabara moja ya Nyamira mjini. Mvua ikamzuia sokoni, jua likazama. Abebe mzigo siku ya Sabato? Thubutu. Alikitia kile kichupa ndani ya themosi ya chai ili damu isipatwe na baridi, na Jumapili akakipeleka, akijisifu kwa alivyokitunza.

Majibu yalikuwa mawili. Sukari ilikuwa imeshuka mno, na potasiamu imepanda hadi kiwango cha mtu aliyekufa. Andrew wa maabara alinipigia simu kwa sauti ya matanga, akauliza mgonjwa alifariki lini. Nilimwambia yuko shambani anachuma majani chai, tena ananigombeza.

Mama alichagua jibu moja. La kufa alilikataa. La kupona alilipeleka kwenye maombi ya Jumatano, akashuhudia, watu wakalia. Dawa akazitupa chooni, chai akaijaza sukari. Nilikasirika, kisha nikaogopa: alikunywa maji kama ndama na macho yakaanza kufifia. Nikamburuta hadi Nyamira.

Andrew alimpima upya, sukari ikawa juu kupindukia. Akamweleza polepole kwamba damu ikishatolewa bado ina uhai. Chembe zake zisipotenganishwa mapema na majimaji yake, hula sukari iliyomo, na zikichoka huvujisha potasiamu.

Mama alihesabu siku kwa vidole. "Kwa hivyo mimi nimeshika Sabato, na damu yangu ikashinda ikila?"

"Ndiyo, mama. Ilikula karibu yote."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, dawa mpya mkononi. "Nilisema nimepona," alisema. "Iliyopona ni ile damu ya kichupa. Mimi bado mgonjwa. Mniombee."

Kisha akameza vidonge vyake palepale, kwa maji ya mchungaji.