Mwaka Ambao Shamba la Babu Halikulimwa

Mwezi wa tatu, vijiji vyote vinavyouzunguka mji wa Kitale hunuka mbolea ya kupandia na udongo uliolowa. Ni harufu kali inayoshika vidole, nguo na hata chai ya asubuhi. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, harufu hiyo ilitujia kutoka kwa majirani tu. Matrekta yalinguruma upande huu na upande ule, wanawake waliinama kwenye mistari wakidondosha mbegu, na katikati yao shamba la babu yangu lilikuwa limelala, mabua ya mwaka uliopita yakiwa bado yamesimama, meusi kwa mvua. Mahakama ilikuwa imetoa amri kwamba mtu yeyote asilime wala asipande humo mpaka kesi iishe. Kesi yenyewe ilikuwa kati ya baba yangu na dada yake.

Babu alitoka Kabuchai, kule Bungoma, akiwa kijana, akanunua ekari nane hapa karibu na Kitale wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokuwa yakigawanywa. Alifariki hatimiliki ikiwa bado na jina lake, akaacha watoto wawili: shangazi yangu Nasimiyu, aliyekuwa mkubwa, na baba yangu Wafula. Nyanya alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, kwa hiyo ni shangazi aliyembeba Baba mgongoni na kumpeleka shule siku ya kwanza. Baadaye aliolewa Kabuchai. Mumewe alipokufa, mashemeji walimwambia kwamba kwa kuwa hakuzaa, hana la kungoja pale. Akarudi kwetu na kitanda, sufuria tatu na mbuzi jike mmoja. Baba alimpokea kwa furaha. Alimtengenezea nyumba ya zamani ya Babu, akabadilisha mabati yaliyooza, na kwa mwaka mzima tulikula chungu kimoja. Mimi nilihamia kwake kabisa, nikawaacha kaka zangu wawili kwa Mama. Alinifundisha kupanda mahindi kwa kufuata kamba, mbegu mbili kila shimo, na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo wa mstari bila kunigombeza.

Jumapili moja, baada ya kanisa, tukiwa tumekaa nje tunakula, shangazi alisema, "Wafula, nikatie kipande changu nijue nilipo."

Baba alicheka, kisha akaona dada yake hacheki.

"Kipande gani, Dada? Si wewe uliolewa?"

"Kule nimeambiwa mimi ni mgeni. Hapa naambiwa niliolewa. Sasa mimi ni wa wapi?"

"Kaa tu, bana. Nani amekufukuza hapa?"

"Leo hakuna. Na siku utakayokasirika?"

Baba aliweka sahani chini, akaondoka. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba dada yake aliweza kumfikiria hivyo. Lakini naye hakufanya lolote la kumwonyesha kwamba amekosea. Wazee wa ukoo walikuja mara mbili, wakanywa chai, wakasema mwanamke hagawiwi shamba la babake. Shangazi akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari kwenda mjini, akafungua kesi. Baba akatafuta wakili. Kufikia msimu wa kupanda, amri ilikuwa imetolewa, na sisi tuliozoea kuuza mahindi tukaanza kununua unga kutoka mji wa jirani wa Moi's Bridge. Mama alikatazwa kumpelekea wifi yake chakula. Mimi nilirudishwa kulala nyumbani. Niliona moshi wa shangazi ukitoka upande wa pili wa shamba, siku nyingine haukutoka, na siku hizo nilijua hana cha kupika.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliite nini. Mama alikuwa amehifadhi mbegu kidogo ndani ya mkebe. Nilichota konzi moja, nikaenda pembeni kabisa mwa shamba, chini kwenye majani marefu karibu na kijito, nikachimba mashimo kwa kipande cha mti. Nilitaka shangazi apate mahindi ya kuchoma. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesikia watu wazima wakitaja amri, lakini akilini mwangu amri ilikuwa ya shamba lote, si ya mashimo yangu kumi na matano.

Mahindi yaliota vizuri, maana udongo wa pale chini ni mweusi. Mwezi wa sita yalikuwa yamenipita kimo, na mtu aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake akayaona, akamwambia Baba. Wakili alikuja na kamera. Alisimama katikati ya mahindi yangu akipiga picha, akifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. "Huyu mama amejimaliza mwenyewe," alimwambia Baba. Nilikuwa karibu, nimeshika ndoo ya maji. Baba aliyatazama yale mahindi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, halafu akasema twende nyumbani.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo Mama alinichukua. Chumba cha mahakama kilijaa watu waliovaa makoti ya mvua. Shangazi alisimama peke yake, hakuwa na wakili. Hakimu alimwonyesha picha, akamuuliza kama anajua kwamba kupanda ni kudharau amri ya mahakama.

"Najua, mheshimiwa."

"Nani alipanda haya mahindi?"

Shangazi alizishika zile picha, akazisogeza karibu na macho. Niliona uso wake ukibadilika. Akageuza kichwa, akatafuta kwenye mabenchi mpaka akaniona. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, lakini Baba alikuwa amekaa mbele yangu, nikaufunga tena.

"Ni mimi," alisema shangazi. "Nilikuwa na njaa."

Alifungwa wiki mbili. Baba alirudi nyumbani, akachukua panga, akakata mabua yote, akawapa ng'ombe pamoja na mahindi yake mabichi. Hakula chakula siku hiyo wala siku iliyofuata. Mama alipomuuliza kama dada yake atapelekewa hata blanketi, alitoka nje.

Shangazi alipoachiliwa nilimkimbilia njiani kabla hajafika kwake. Alikuwa amekonda, na alikuwa amenyolewa nywele. Nilianza kulia.

"Nyamaza, Naliaka. Nilijua ni wewe. Mistari yako kwenye picha ilikuwa kama kuku amekimbia shambani. Mimi nilikufundisha kamba ni ya nini?"

"Shangazi, nitamwambia Baba."

"Hutamwambia. Atakuchapa, na mimi nimeshatoka. Itasaidia nani?"

Mwezi uliofuata alikwenda mahakamani akasema ameiondoa kesi. Aliuza mbuzi, akamwachia Mama sufuria, akaenda Lwakhakha kuuza vitunguu kwenye mpaka wa Uganda. Baba alipata hatimiliki kwa jina lake. Mwaka uliofuata tulipanda ekari zote nane na kuvuna sana, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeimba tukivuna.

Baba aliugua nikiwa tayari nina familia yangu Bungoma, na kwa miezi yake ya mwisho nilikuwa nikienda kumwogesha. Siku moja, nikimkausha miguu, alisema, "Yale mahindi. Nilijua ni wewe." Nilimuuliza alijuaje. "Dada yangu hawezi kupanda vibaya vile." Nilitaka kumuuliza kwa nini basi alinyamaza, lakini jibu tulikuwa nalo sote wawili, ekari nane zake, zikionekana dirishani. Alilia bila sauti. Nilimfunika, nikamwaga maji. Alipofariki, shangazi alikuja kumzika. Alisimama nyuma kabisa, na aliondoka kabla ya chakula.

Miezi mitatu baada ya mazishi, kaka zangu wawili walinitembelea. Walikuja na sukari na mkate, wakawabeba watoto wangu, wakaniuliza habari za kazi. Kisha Juma, yule mkubwa, akatoa karatasi iliyochapwa vizuri. Ilisema kwamba mimi, binti wa marehemu, kwa hiari yangu, nimeachia sehemu yangu ya urithi. "Ni ya kurahisisha tu mambo, sista," alisema. "Hatutaki maneno kama ya zamani. Unaweka tu sahihi hapa." Niliomba siku chache.

Nilikwenda Lwakhakha na ile karatasi. Shangazi sasa ni mzee, anaishi chumba kimoja cha kupanga, haoni vizuri. Nilimsomea polepole. Aliipapasa kwa vidole, akanirudishia.

"Ukitia sahihi, utabaki na ndugu," alisema. "Ukikataa, pengine utapata shamba. Mimi nilikosa vyote viwili, mwanangu. Usiniulize mimi."

Enzi zile, mwanamke aliyedai urithi aliambiwa wazi kwamba si mtu wa pale. Wakati huu sheria inanitambua, na kaka zangu wanaijua sheria kuliko mimi, ndiyo sababu walikuja na mkate na kalamu. Hawakunipigia kelele. Waliniomba kwa upole nijiondoe mwenyewe, na upole huo umenikosesha usingizi kuliko ukali wote niliousikia utotoni. Juma alipiga simu mara nne, halafu akaacha kupiga.

Wiki iliyopita nilikwenda mahakamani Kitale. Jengo lina rangi mpya, na karani, msichana mdogo kuliko mimi, anaandika kwa kompyuta. Aliniuliza nalalamika dhidi ya nani. Nikamtajia majina ya kaka zangu. Hakusikia vizuri kwa sababu ya kelele za watu, akaniomba nirudie, herufi moja moja. Nikarudia.