Inveta Tuliyoitoa Sebuleni

Kaka yangu mkubwa alimpa mama umeme wa jua, na hata mwaka haukuisha akataka kumhamisha mama nyumba kwa sababu ya umeme huohuo. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliionea wivu zawadi.

Simu yake ilinikuta Ngara mjini, niko juu ya ngazi nafunga taa dukani kwa mtu. Mimi ni fundi umeme. Nimesomea, nina cheti, na nyumbani kwetu hilo halijawahi kuwa habari. Alipotaka kumwekea mama sola kule Bukiriro alitoka na fundi wake Biharamulo, akanipita njiani kama hanijui. Sasa alikuwa ananiarifu, wala si kuniuliza.

"Mkeka wa mama umeungua. Ile nyumba ya zamani haiwezi umeme. Jumamosi nakuja na gari, anahamia kwangu."

"Mama mwenyewe amesema nini?"

"Mama ni mzee."

"Nimekuuliza amesema nini, sijakuuliza umri wake."

Akakata simu. Mimi nikashuka ngazini nimepandwa na hasira mpaka mwenye duka akanipa maji ya kunywa.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama kwenye migomba, panga mkononi, anapunguza majani makavu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kunifungasha?"

"Nimekuja kuangalia waya."

"Basi angalia. Mimi siendi mahali ambapo nitaomba ruhusa ya kukata ndizi." Aliyasema kwa Kihangaza, na kwa Kihangaza mama hatanii.

Kwetu kitu cha fahari hukaa sebuleni, na kitu cha kuibiwa hukaa mvunguni. Fundi wa kaka alitii yote mawili. Inveta, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, aliitundika sebuleni, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu, mgeni akiingia aione kwanza. Betri akazisukuma chini ya kitanda cha mama chumbani. Mtaka cha mvunguni huinama, nami nikainama na tochi. Kutoka kwenye betri mpaka kwenye inveta waya ulipita chini ya mlango, ukafuata korido, ukafichwa chini ya mkeka. Niliupima kwa miguu, hatua nane. Ulikuwa waya wa milimita za mraba sita, mwembamba kwa kazi ile, na pale mkeka ulipoulalia palikuwa na mstari wa kahawia, umeungua.

Nikawasha birika dogo la umeme ambalo kaka alimletea mama asipulize kuni kila asubuhi. Nikaweka mita ya volti kwenye betri, ikasoma kumi na mbili na nusu. Nikakimbilia sebuleni, nikaiweka kwenye inveta. Tisa na nukta nane. Inveta ikalia, ikazima, ikidai betri zimekwisha, na betri zilikuwa zimeshiba. Volti karibu tatu zilikuwa zimepotelea njiani, zimegeuka joto. Nikashika waya, nikautoa mkono haraka. Nyumba ile baba aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, leo inasingiziwa kosa la mtu aliyebahatisha waya.

Nilimweleza mama hivi, na ndivyo ninavyomweleza kila mteja. Upande wa betri ni volti kumi na mbili tu, kwa hiyo ili birika lichemke lazima umeme upite mwingi sana kwa pamoja. Mwingi unataka waya mnene na njia fupi. Ukishatoka kwenye inveta ni volti mia mbili na thelathini, unapita kidogo, na waya mwembamba wa kawaida unaufikisha jikoni bila shida. Kama kuna umbali, uweke upande huo. Ile inveta ni ya wati elfu moja. Gawa kwa kumi na mbili, ongeza kinachopotea ndani yake, unakaribia ampea mia. Hapo waya ni wa milimita za mraba thelathini na tano, usiofika hata mita, na fyuzi yake karibu kabisa na betri.

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Inveta itoke sebuleni, na betri zitoke chini ya kitanda. Zikichajiwa zinatoa gesi, si kitu cha kulalia juu yake. Vyote vikae stoo, kuna dirisha la nondo na mlango una kufuli."

Akaitazama inveta ukutani. Ile mashine ilitundikwa na mtoto wake wa kwanza, na kwetu alichotundika wa kwanza hakitunguliwi na wa mwisho. Nilijua anachowaza na nilikuwa tayari kubishana mpaka jioni. Kumbe yeye alishainuka, anaburuta gunia la maharage kulitoa stoo. "Unaona ni zito," akasema, "ungesaidia badala ya kusimama."

Ijumaa kutwa nilifanya kazi. Nilichomoa kwanza waya wa paneli za juu ya paa, kisha wa betri, ndipo nikaishusha inveta. Nikaifunga ukutani stoo, betri chini pembeni yake. Nikabana vichwa vya shaba kwenye waya mnene kwa koleo lake, nikavivuta kwa nguvu zangu zote visichomoke. Waya wa paneli nao nikaushushia upande ule. Sebuleni yalibaki matundu manne ukutani, na sikuyaziba makusudi.

Kaka alipofika Jumamosi aliyaona hayo matundu kabla hajamwamkia mama.

"Nani kakuruhusu?"

"Shikamoo kaka. Mwenye nyumba."

Nikampeleka stoo. Nikawasha birika, taa zote, na televisheni. Birika likachemka mpaka likajizima lenyewe. "Shika waya," nikamwambia. Akaushika, akakaa nao muda.

"Hauna joto," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Hata hivyo, tufungashe."

Kumbe shida yake haikuwa waya. Nilitaka kumrukia, lakini mama aliniwahi. "Sasa sema ukweli, mwanangu. Hapa hakuna mgeni."

Kaka akatazama chini. "Naogopa, mama. Ukifa humu peke yako watu watasema nilikutupa."

"Siendi," mama akasema. "Ulikuja kuifunga mashine, ukaondoka chai haijaiva. Leo umerudi kwa sababu mkeka umeungua. Kama unaogopa nisije nikafa peke yangu, njoo ukae nami nikiwa hai."

Nikacheka. Nakiri nilicheka, tena kwa sauti, maana nilikuwa nimeshinda.

Mama akanigeukia, kopo la majani ya chai mkononi. "Na wewe unacheka nini? Yeye yuko Biharamulo. Wewe uko hapo Ngara, na tangu Pasaka sijakuona mpaka kitu kilipoharibika. Sasa umekitengeneza. Utarudi kufanya nini?"

Nikachukua vikombe, nikaanza kuvisuuza, ingawa vilikuwa visafi.