Kwa Nini Alikivunja Chungu

Siku ilipopigwa marufuku lugha ya nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni akikunja nguo za mtoto. Hakuna aliyemwuliza maoni yake. Aliambiwa tu na mwanawe, tena huku mwanawe akitazama sakafu, kwamba kuanzia leo mtoto ataongeleshwa lugha ya shule peke yake, na asiyeijua anyamaze mbele ya mtoto. Katika nyumba ile asiyeijua alikuwa mmoja.

Amri hiyo ilitoka kwa mkaza mwana wake, karani wa mapokezi katika kampuni ya vipuri vya magari. Kazini walimwita Sauti, kwa jinsi alivyopokea simu. Wateja waliokuja ofisini baada ya kuzungumza naye walimtafuta kwanza kwa macho, wajue ni nani huyo mwenye maneno laini namna ile. Hawakujua sauti hiyo ilimgharimu nini. Alipoanza kazi, meneja alimwiga mbele ya wafanyakazi wote, akayavuta maneno vile vile alivyoyavuta yeye, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka pamoja nao, maana angefanya nini. Kisha akaingia chooni, akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike. Humo ndani ndimo alimoapa kwamba mtoto wake hatakuja kuchekwa hivyo. Alijifunza sentensi za simu moja baada ya nyingine, akazisugua mpaka zikang'aa. Lugha aliyozaliwa nayo akaifungia nje kama mbwa mwenye upele.

Mama mkwe alikuwa dobi maisha yake yote. Aliwahi kufua mashuka ya hoteli mpaka vidole vikapinda, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sabuni yoyote aliyoitumia. Wawili hawa hawakuwahi kupendana. Mama mkwe alimwona mkaza mwana ana majivuno yasiyo na mtaji. Mkaza mwana alimwona mama mkwe mchochezi anayekula kwake na kumsema kwa majirani. Wote wawili walikuwa na haki kidogo. Katikati yao alikuwa mume, fundi wa lifti, mtu wa kupanda na kushuka siku nzima, na hata nyumbani hakuna ghorofa aliyowahi kushuka akasimama upande wa mmoja wao.

Basi bibi akanyamazishwa. Akawa anaongea na jirani kupitia dirisha la jikoni, kwa lugha yake, kwa sauti ya kutosha kila mtu kusikia. Mtoto, msichana, alikua akisikia lugha mbili: moja ya kumwambia nawa mikono, keti vizuri, maliza chakula, zima taa; nyingine ya dirishani, yenye visa, vicheko na fitina, ambayo haikumhusu. Hiyo ya pili aliiokota pia ngazini kwa watoto wenzake, akaitumia kwa kuibia, na kuisahau kila alipofika mlangoni.

Shuleni alijua kusoma kabla ya wenzake. Alishika kitabu, akateleza nacho kuanzia juu hadi chini bila kukwaa, matamshi safi, vituo mahali pake. Sauti alikuwa akimsimamisha mbele ya wageni ili asome. Wageni walipiga makofi, na bibi pembeni akasema na ukuta, kwa lugha yake, kwamba hata redio huongea kutwa nzima na haijui imesema nini. Tangu hapo akamwita mjukuu wake Redio. Sauti alilisikia jina hilo, akalimeza.

Siku ya wazazi shuleni, mtoto alichaguliwa kusoma mbele ya ukumbi. Alikuwa darasa la nne. Sauti aliomba ruhusa kazini, akavaa viatu vyake vya ofisini, akakaa safu ya mbele. Bibi hakualikwa, lakini alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Hadithi ilimhusu mfinyanzi mmoja mwanamke ambaye, siku ya soko, alikivunja chungu chake kizuri kuliko vyote, kwa kuwa paka wa jirani alikuwa amekwamisha kichwa ndani yake. Mtoto alisoma kama maji yanavyotoka bombani. Makofi yakalia. Sauti akageuka kidogo, ili walio nyuma wamwone mama mtu.

Hapo ndipo mkaguzi wa shule, aliyekuwa mgeni wa siku hiyo, alipoinama kwenye kipaza sauti na kuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Umesoma vizuri sana. Sasa tuambie, kwa nini yule mama alikivunja chungu chake?"

Mtoto alimtazama. Kisha akafungua kitabu, akaisoma aya ile upya, kwa ufasaha ule ule.

Mkaguzi akatabasamu, akamwambia hapana, amweleze tu kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto akafikiri kosa liko kwenye sauti. Akasoma mara ya tatu, safari hii kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo imemtoka. Halafu mtu mmoja kule nyuma akacheka, kicheko kifupi cha puani, na wengine wakafuata. Sauti hakuhitaji kugeuka. Kicheko kile alikijua. Alikuwa akiishi nacho nyumba moja.

Ugomvi wa jioni ile majirani waliukumbuka kwa muda mrefu. Sauti alisema mengi ambayo hayarudishiki mdomoni. Alimwambia mama mkwe kwamba amemchanganya mtoto kwa lugha yake ya dirishani, ndiyo maana kichwa cha mtoto hakishiki kitu, na kwamba mtu anayemcheka damu yake hadharani hafai kukaa na watu. Bibi alijibu kwamba yeye amemcheka aliyemfundisha, si mtoto. Fundi wa lifti alikumbuka kazi aliyoiacha mjini, akaondoka. Mtoto alijifungia chumbani na hakutaka kula.

Asubuhi Sauti alimwendea mwalimu wa darasa kwa shari. Alimkuta amezungukwa na marundo ya daftari zisizosahihishwa, macho mekundu, hana hata kiti cha kumpa mgeni. Sauti alidai kwamba mtoto wake aliaibishwa kwa makusudi. Alitaka pia shule imwandikie bibi onyo, aache kabisa kumvurugia mtoto lugha.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakujaribu kuwa mpole.

"Mama, mwanao anasoma herufi. Hasomi habari," alisema. "Nyumbani huwa mnaongea naye nini?"

"Lugha ya shule. Hiyo tu."

"Sikuuliza lugha gani. Nimeuliza mnaongea naye nini."

Sauti alianza kuyahesabu kichwani. Nawa mikono. Keti vizuri. Zima taa. Alijaribu kukumbuka siku aliyomsimulia mtoto wake jambo lolote, kisa cha kazini, ndoto, uongo wa kuchekesha, akagundua kwamba katika lugha ile hakuwa na maneno ya kusimulia. Alikuwa na maneno ya kumwomba mtu asubiri kwenye laini. Alikuwa na samahani, bosi yuko kikaoni, naomba upige tena baadaye. Mtoto wake alikuwa amelelewa na mapokezi.

Mwalimu aliendelea, akirundika daftari huku anaongea. Alisema mtoto anayezoea kufuata kisa kwa lugha yoyote, akauliza, akabishiwa, akatoa sababu, huja na uzoefu huo hata kwenye kitabu cha lugha nyingine. Kama nyumbani yuko mtu mwenye visa, amwachie. Kisha akasema ana kipindi, akaondoka bila kuaga. Sauti alimchukia mwalimu yule kuanzia dakika hiyo, na anamchukia hadi leo. Lakini hakuweza kumpinga, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa akiwa na hasira ya kila kitu. Jumamosi mchana akamshika mtoto mkono, akachukua kitabu cha shule, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe. Akasema kwa lugha ya shule, akijua haitaeleweka, kwamba amemleta mtoto.

Bibi aliendelea kupiga pasi. "Sisikii," alisema kwa lugha yake.

Miaka yote ile Sauti hakuwa ameitamka lugha hiyo mbele ya mtoto. Alipoitafuta ikaja na kutu.

"Mama, naomba umsikilize huyu. Akusomee, umwulize alichosoma."

Bibi alimsahihisha neno moja, polepole, kama anavyosahihishwa mtoto mdogo. Akangoja alirudie. Sauti akalirudia. Ndipo bibi akaweka pasi chini, akamwambia mjukuu wake akae. Mama mtu hakukaribishwa.

Usidhani bibi alifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Alitaka ionekane kwamba aliyenyamazishwa ndiye aliyekuwa na kitu. Lakini umbea ulimzidi nguvu. Kwa kuwa hakujua neno la lugha ya shule, mtoto alilazimika kumweleza kila ukurasa kwa lugha ya nyumbani, na bibi hakuwa mtu wa kuridhika na habari nusunusu. Nani alimwambia? Alijuaje? Mbona hakukimbia? Wewe unadanganya, rudi ukaangalie. Mtoto alirudi kwenye ukurasa, akaangalia, akabisha. Kwa mfinyanzi waligombana wiki nzima, maana bibi alishikilia kwamba paka hana thamani ya chungu, na mtoto akajikuta analia kwa hasira akimtetea yule mama kwa sababu zake mwenyewe, ambazo hazikuandikwa popote.

Haikuwa kazi ya mara moja. Muhula ule mtoto alishindwa maswali ya ufahamu, na uliofuata akayashinda kwa shida. Usomaji wake ukaharibika kwanza: akawa anasimama katikati ya sentensi, anarudi nyuma, ananung'unika. Sauti alipomsikia alitamani kumzaba kofi. Kufika darasa la sita, mwalimu mwingine alimwandikia mtoto kwamba anauliza mno darasani, na bibi akalitangaza hilo dirishani kama mtu aliyepata cheo.

Wale wawili hawakupatana. Marufuku haikuondolewa kwa maneno. Iliachwa tu, na anayeitaja huzusha vita. Sauti bado anapokea simu, na sauti yake bado inatafutwa. Jioni akirudi humkuta binti yake chumbani kwa bibi, mlango umerudishwa, wanabishana kwa lugha mbili zilizochanganyika. Juzi alisukuma mlango akauliza wanacheka nini. Binti akamweleza kisa chote, haraka haraka, lugha ya shule na ya nyumbani kwa pamoja. Bibi akadakia kwamba amekosea mwisho. Sauti alisimama pale na mkoba begani, hajavua viatu, akauliza mwisho wenyewe ulikuwaje.