Tulivyoitwa Gatete kwa Kosa la Kuogelea

Ninyi wa Kigoma mmenilaumu vya kutosha kwamba tangu kiangazi kianze sijibu ujumbe wala simu. Lawama ninazipokea, ila sijutii. Tangu nirudi Burundi na kuanza kufundisha hapa Bujumbura sijawahi kupata msimu kama huu. Nina marafiki wawili: Hadija, anayeuza vitenge Buyenzi, na Goreti, msusi asiyeweza kunyamaza. Sisi watatu, wanawake wa makamo wenye watoto wakubwa na magoti yanayolia, tuliapa kwamba shule zikifungwa hakuna kukaa nyumbani. Tukapanda Gitega kuwatazama wapiga ngoma. Tukahudhuria harusi, mojawapo ikiwa ya watu ambao hadi leo hatuwajui, na tulikula kuliko ndugu wa bwana harusi. Goreti akatufundisha kufuma, nami nikafuma soksi moja ambayo haijapata mwenzake wala mguu wa kuivaa. Na kila Jumamosi tukawa tunakwenda ufukweni kujifunza kuogelea. Hapo ndipo tulipoharibu.

Goreti alimchukua Hadija video akikata maji, akaiweka kwenye statusi ya simu yake. Binamu mmoja wa Hadija akaiona, na kabla ya magharibi video ilikuwa imefika Gatete, upande wa Rumonge, kwa mama yake Hadija.

Lazima niwaeleze huyu mama. Ni muuza ndagala, yaani dagaa, mdogo wa umbo, na sauti yake inafika ng'ambo ya Kongo. Mumewe alikuwa mvuvi, akafa maji Hadija akiwa bado mtoto. Tangu siku hiyo Mama Hadija aliwakataza wanawe kuingia ziwani kupita vifundo vya miguu. Hadija sasa ana miaka arobaini na kitu na binti anayesoma chuo kikuu, lakini marufuku ile haikuwa imefutwa. Kila Jumamosi alikuwa akikausha nywele kwanza ndipo ampigie mama yake, kana kwamba simu inanusa.

Jioni ile Mama ndiye aliyepiga. Hakusalimia.

"Kuya," alisema, yaani njoo. "Na hao benzako, kuya nabo."

Asubuhi ya Ijumaa iliyofuata tulikodi gari dogo, tukashika njia ya kusini, milima kushoto na ziwa kulia. Kwa kawaida safari ile tungeimba. Siku hiyo Hadija alikaa mbele ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Tulipopita Kabezi, Goreti akapata wazo. "Tuseme siyo wewe. Tuseme ni mutu mwingine anafanana na wewe."

"Goreti," Hadija alimjibu bila kugeuka, "mu ile video unaniita jina. Unapiga kelele, 'Hadija, tumbo ndani!'"

Goreti alikiri kwamba hiyo ni shida.

Magara tulisimama kununua ndizi. Mimi nikajitolea kusema kwamba kuogelea ni agizo la daktari kwa ajili ya magoti, lakini Hadija akasema mama yake angemtaka huyo daktari kwa jina na kwa simu yake. Kufika Minago tulikuwa hatuna uongo wowote unaosimama. Ziwa lenyewe lilikuwa limetulia na kung'aa vizuri, jambo ambalo lilimuudhi Hadija zaidi.

Saa sita tuliingia Rumonge, michikichi kila upande na harufu ya mawese ikituzunguka. Tukanunua sukari na sabuni, maana hata mshtakiwa haendi mikono mitupu, kisha tukapanda pikipiki mpaka Gatete.

Mama Hadija tulimkuta uani, ameketi mkekani anachambua ndagala. "Amahoro, wanangu! Karibuni, karibuni!" Alinikumbatia mimi, akamkumbatia Goreti, akauliza habari za watoto wetu mmoja mmoja. Hadija alipoinama kumpa mkono, aliupokea huku akitazama ndagala. Akatupakulia ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mukeke, wa mawese, mtamu kiasi kwamba Goreti alisahau kabisa tulichoitiwa, akaomba kuongezewa. Hadija alikuwa akiviringisha tonge moja tu mpaka likawa kama kokoto.

Baada ya kunawa, kesi ikafunguliwa.

"Gitega mulienda," Mama alianza.

"Ndiyo, Mama," tulijibu.

"Mulicheza harusi. Mulivaa sare. Goreti ulianguka."

"Niliteleza, Mama."

"Nyote nawaona ku simu. Kila siku mutoto wa jirani ananionesha. Leo muko hapa, kesho muko kule." Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama binti yake. "Na mu maji. Hadija. Mu maji!"

Nilidhani Mama angelia. Badala yake alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Tuende. Utaingia nione vile unakufa."

Alasiri ile tukateremka ziwani, yeye mbele, sisi nyuma kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Nguo za kuogelea tulikuwa nazo, kwa sababu Goreti alizifunga kwenye mkoba "kama kesi ikiisha mapema." Hadija akabadilisha nguo kwa jirani, akatoka amefunikwa nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni. Nilimwambia si lazima, turudi tu nyumbani tuombe msamaha.

"Nimekuwa naogopa haya maji tangu ningali mutoto," alisema. "Na nimekuwa naogopa yeye zaidi. Acha leo niyamalize yote."

Akaingia. Maji yakafika magotini, kiunoni, kisha akajilaza na kuanza kuogelea. Mbele ya ziwa kubwa namna ile alionekana mdogo sana, na mzaha wote ulinitoka. Alikuwa akienda sambamba na ufukwe, taratibu, akipumua kama tulivyofundishwa. Mama alikuwa akitembea mchangani sawasawa naye, akipaza sauti: "Basi! Inatosha! Rudi! Hadija, rudi!" Wanawake waliokuwa wakianika ndagala wakaacha kazi kututazama.

Hadija alipogeuka, wimbi dogo lilimpita kichwani, na kwa kitambo hatukumwona. Mama akaingia majini. Hakuvua kandambili, hakupandisha kitenge. Alikwenda moja kwa moja mpaka maji yakamfika kiunoni, na Hadija akaibuka hatua chache mbele yake, anapumua, mzima kabisa.

Mama akamshika sikio. Mwanamke mzima, mwenye duka lake, ameshikwa sikio ndani ya Tanganyika.

"Baba yako naye alikuwa anajua kuogelea," alisema.

"Najua, Mama."

"Alikuwa anajua kukupita wewe."

"Najua."

Sikio likaachwa. Wakabaki wameshikana mpaka Goreti aliposhindwa kuvumilia. "Mama, munaona kama na nyinyi muko mu maji?"

Mama akatazama chini, akaona maji yamemzunguka. Akamgeukia Goreti. "Ceceka," yaani nyamaza. Lakini hakutoka haraka.

Hukumu ilitolewa tukiwa mkekani, tukinywa chai ya tangawizi, na Mama amevaa kitenge kikavu. Hadija ataogelea, ila si Bujumbura. Ataogelea hapa, Mama akiwa anamwona. Kisha akachukua nguo zetu zote tatu za kuogelea, hata mbili ambazo hazikuwa zimelowa, akazianika kwenye kamba yake.

Jumapili mchana tukaaga. "Mama, nguo zetu," Hadija alisema.

"Hazijakauka."

Goreti alizigusa. "Zimekauka, Mama. Na yangu niliazima."

"Nimesema hazijakauka. Mutazikuta."

Garini, tukirudi, Hadija alihesabu miezi kwa vidole hadi michikichi ikaisha. Kisha akasema, "Tangu Idi sijafika kwake. Gitega nimefika."

Mimi nilikuwa nimekwenda Gatete nikidhani tunaitwa kwa ajili ya maji. Mama anayaogopa maji kweli, nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini kiangazi kizima alikuwa anatutazama tukicheka kwenye simu ya mtoto wa jirani, saa chache tu kutoka mlangoni kwake, na hakuna aliyebisha hodi. Nilijifunza hilo, na pia kwamba msimu wa raha unaweza kumwacha mtu wako nje bila wewe kufunga mlango wowote.

Goreti akainama kwa dereva. "Jumamosi utashuka tena huku?"

"Nikipata esansi. Mafuta yamekuwa shida."

"Itafute," Hadija akamwambia.