Zoezi la Bukari la Monsieur Séraphin

Mwaka ule, kila tulipomaliza zoezi zuri darasani, mwanafunzi mmoja alitoweka.

Mimi ni Aicha. Baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Maniema, ila mimi nimekulia Kolwezi, Katanga, kusini mwa Kongo. Hii ilikuwa 1993, watu wa asili ya Kasai, mkoa jirani, wakifukuzwa mjini, hata waliozaliwa hapa hapa. Familia nzima zilikuwa zinalala stesheni zikisubiri treni.

Katikati ya uchafu huo, mwalimu wetu Monsieur Séraphin akaja na mbinu mpya.

Imla basi. Kukariri basi. Sasa ni vitendo.

Zoezi la kwanza, imba wimbo ambao bibi alikubembelezea. La pili, chora njia ya kwenda kijijini kwa babu yako. Nilichora mto, nikapaka rangi, nikasema moyoni kwamba hatimaye shule imekuwa tamu.

Kumbe alikuwa anatupepeta.

Kila baada ya zoezi, vijana wa fimbo, wale waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai, walijua nyumba ya kuvamia. Nikikumbuka nilivyokuwa nanyoosha mkono kwa furaha, najionea aibu.

Zoezi la tatu likawa kupika.

"Kila mutu alete bunga ya kwabo," akasema. "Mupike vile mama anapikaka."

Kwa msiojua, wengi wetu Katanga tunasonga bukari, yaani ugali, ya mahindi matupu. Wenzetu wa Kasai huchanganya na muhogo, nayo inavutika. Ukimega tonge tu, umeshajua.

Nilikuwa meko moja na wasichana wawili. Ndaya, rafiki yangu, wazazi wake wa Kasai. Na Elise, binti wa Monsieur mwenyewe.

Ndaya hakuwa mjinga, alileta mahindi matupu. Elise ndiye aliyemimina unga wa kwao bila wasiwasi, na muhogo ukanuka mpaka kwangu.

"Elise, mama yako ni mutu ya wapi?" nikamnong'oneza.

"Mwene-Ditu. Papa anaambiaka bantu ni Kamina."

Mwene-Ditu ni Kasai, Kamina ni Katanga. Mwiko ukamganda mkononi, ndipo alipoelewa anachopika.

Tulishachelewa. Monsieur alikuwa anapita akionja, na vijana wawili wa fimbo wamesimama mlangoni kama wageni waalikwa. Akafika kwetu. Akamega kwenye sufuria ya Elise, akatafuna, akaacha kutafuna.

Mwanaume anaijua bukari ya nyumbani kwake.

"Nani alipika hii?"

Elise akaweka mwiko chini.

"Ni mi, Monsieur," Ndaya akasema.

Nikafungua mdomo, Ndaya akanikanyaga mguu.

"Acha, Aicha," akaninong'oneza. "Sisi tulishafunga bitu, kesho tuko ku gare, tunapanda treni. Huyu Elise ataenda na nani?"

Nilimsubiri Monsieur aseme neno moja tu. Angesema bukari imeungua, angesema zoezi limeisha, chochote. Akamtazama binti yake, akamtazama Ndaya, kisha akageukia mlangoni.

"Njo huyu," akasema, akimwonyesha Ndaya.

Wakamtoa Ndaya akiwa bado na unga mikononi. Sikumwona tena, wala sijawahi kupata habari zake.

Elise akapewa alama ya kwanza darasani.

Halafu, ndugu zangu, yule mtu akavuta kiti. Akanawa mikono. Akakaa mbele ya sufuria ile ile, akala tonge baada ya tonge mpaka ikaisha, sisi tumemkodolea macho. Elise alikuwa nje anatapika.

Nimeona mengi Kolwezi. Kinachonitia kinyaa mpaka leo ni utulivu wake wa kutafuna.

Sasa nina watoto. Wakirudi na zoezi la "eleza kwenu mnakula nini", siwakatazi. Ila asubuhi naenda kwanza kukaa na mwalimu wao, nimjue ni mtu wa namna gani. Wakiniona msumbufu, sawa tu. Zoezi zuri likishikwa na mtu mbaya ni mtego, na mtoto huwa anauingia akicheka.

Monsieur Séraphin alistaafu kwa heshima. Walimfanyia sherehe, wakapika bukari.