Ndiga Niliyoitoa Majini Mapema

Jina langu lifichwe. Niko upande wa Ruaruke, zaidi ya hapo nisitajwe, maana akida wa Mdachi ana masikio kila mahali.

Nina miaka ishirini na sita. Mume wangu alikwenda vitani na wenzake waliokunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi, hajarudi. Kaniachia Mwanahawa wa miaka minane na Saidi wa miaka miwili. Askari walichoma ghala letu. Sasa serikali inagawa mtama wa msaada, ila kwa anayelima shamba la pamba la akida tu. Ukikosa siku moja, mtama wa wiki nzima huupati.

Mwezi uliopita Saidi alishikwa na homa, nikabaki kumkanda. Nilipomweleza msimamizi alicheka mpaka akakohoa. "Homa hailimi pamba, bibi we. Njoo wiki ijayo."

Basi tukachimba ndiga porini. Kiazi kile kina sumu, hukatwa vipande kikalowekwa mtoni siku tatu ndipo kiliwe. Mimi niliitoa siku ya pili, na nilijua ninachofanya. Kesho yake alfajiri ilikuwa lazima niwe shambani, na watoto walikuwa wanalia njaa. Nilionja kipande, sikuona kitu. Nikamwambia Mwanahawa, "Mpikie mwenzio asubuhi."

Niliporudi alasiri Saidi alikuwa anatapika, macho yamemgeuka. Mwanahawa hakula, alimwachia mdogo wake yote. Tangu siku ile Saidi mikono inamtetemeka, hata kikombe hashiki.

Mama mkwe anadhani Mwanahawa ndiye aliyeiopoa mapema. Kila akija kutoka kijijini kwake mbali humwambia, "Wewe ndiwe uliyemlisha mwenzio sumu! Pupa yako hiyo!" Mimi nimekaa palepale, kimya. Naogopa akijua ukweli atawachukua watoto wa mwanawe. Najichukia, jamani, najichukia sana.

Tangu jana Saidi hamezi kitu, na pumzi inamtoka kwa shida. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya wiki. Nikibaki naye, mtama hatupati, na ndani hamna chakula ila ndiga ileile. Nikienda, wa kubaki naye ni dada yake tu.

Leo nilipokuwa natafuta jembe, Mwanahawa alining'ang'ania kanga. "Mama, kesho usiniachie Saidi. Mie nitamuua."

Ndugu zangu, bado sijamwambia. Nishaurini, kesho niende au nibaki? Na huyu binti yangu naanzia wapi kumwambia?